Dante's Peak (filamu)

Dante's Peak ni filamu ya maafa ya Marekani iliyoongozwa na Roger Donaldson na kutolewa Februari 1997. Inahusu mji wa kubuni katika jimbo la Washington, chini ya volkeno iliyolala kwa muda mrefu. Wahusika wakuu ni mtaalamu wa volkeno Harry Dalton (Pierce Brosnan) na meya Rachel Wando (Linda Hamilton).

Hitimisho la filamu halitokani na kuushinda mlima, bali na kuukimbia. Volkeno inapolipuka, Harry na Rachel wanapanda mlimani kuwatafuta watoto wa Rachel, waliokwenda kumchukua bibi yao, Ruth. Wakivuka ziwa lililogeuka tindikali inayokula mashua yao ya chuma, Ruth anaruka majini kuivuta mashua hadi gatini. Majeraha yake yanamuua. Ziwa halisi lisingekula chuma upesi hivyo, na hapo hadithi imetia chumvi. Paul Dreyfus, mkuu wa Harry aliyepinga kutoa tahadhari mapema, anasombwa na mafuriko pamoja na gari lake darajani.

Wingu la majivu na gesi moto linapoufuta mji, Harry anawapeleka Rachel na watoto kwa gari hadi ndani ya mgodi uliotelekezwa. Anarudi garini kuchukua kifaa cha kutuma ishara, mwamba unaporomoka na kumvunja mkono, lakini anafaulu kukiwasha. Waokoaji wanaifuata ishara hiyo na kuwafukua wote wakiwa hai. Picha ya mwisho inaonyesha mlima uliopasuka.