Mvuto wa Mahadhi katika Muziki wa Kielektroniki: Mfano wa Albamu ya Oxygène (1976)

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa kielektroniki barani Ulaya imezoeleka kuandikwa kama historia ya mashine: nani aliunda chombo kipi, lini, na kiliweza kufanya nini. Mkabala huo unaeleza vyema jinsi sauti mpya zilivyopatikana, lakini hauelezi kwa nini baadhi ya sauti hizo zilipendwa na watu wasiojua lolote kuhusu mashine zenyewe. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kuitazama albamu ya Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre, iliyotolewa Desemba 1976. Hoja inayotetewa ni kwamba mvuto wake ulitokana na kurudishwa kwa mahadhi mepesi katika sanaa iliyokuwa imeyaweka kando, na kuachwa kwa mkono wa binadamu usikike ndani ya mashine.

2.0 Usuli

Mwaka 1948, mhandisi Pierre Schaeffer alirusha hewani kupitia redio ya Ufaransa vipande vilivyotungwa kwa sauti zilizorekodiwa, zikiwamo za garimoshi. Mwaka 1958 alianzisha jijini Paris kikundi cha utafiti wa muziki kijulikanacho kwa kifupi kama GRM. Humo, sauti ilisikilizwa kwa ajili yake yenyewe: umbile lake, uzito wake, namna inavyozaliwa na kufifia. Mahadhi ya kuimbika hayakuwa shabaha ya utafiti huo. Jarre, aliyezaliwa Lyon mwaka 1948, alipita katika kikundi hicho mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichukua humo nidhamu ya kusikiliza, lakini mahadhi hakuyaacha.

Hakuwa wa kwanza kuyapeleka mahadhi kwenye sinthesaiza. Mwaka 1968 Wendy Carlos wa Marekani alikuwa amerekodi kazi za Bach kwa chombo cha Moog, na mwaka 1974 Kraftwerk wa Ujerumani walitoa Autobahn. Kwa hiyo, utangulizi wa kiufundi hauwezi kuwa maelezo ya kutosha ya mafanikio ya Oxygène.

3.0 Sauti na Mahadhi

Albamu ilirekodiwa nyumbani kwa Jarre, Paris, kwa mashine ya utepe yenye njia 8 tu. Uchache huo ulimlazimisha mtunzi kuchagua: kila sauti iliyoingia ilipaswa kustahili nafasi yake. Vyombo viwili muhimu vilikuwa vya burudani ya sebuleni, yaani kinanda cha Eminent 310 na kisanduku cha mapigo cha Korg. Sauti ya kinanda ilipitishwa katika kifaa kidogo kilichozoeleka kwa wapiga gitaa, ikawa kama wingu linalosogea polepole. Vibonye vya kisanduku navyo vilibanwa kwa utepe wa gundi ili mapigo mawili yaliyokusudiwa kusikika mbalimbali yalie kwa pamoja.

Juu ya msingi huo, sinthesaiza za analogia zilibeba mahadhi mafupi yanayokaririka mara baada ya kusikika. Sehemu ya nne ndiyo mfano bora: kishazi kifupi hutangulia, hujibiwa, kisha hurudi. Msikilizaji huweza kukivumisha bila kufundishwa. Sauti za vyombo hivyo hazikutulia kikamilifu, na mtetemo wake mdogo huupa mdundo wa mashine pumzi. Sehemu ya sita hufungwa kwa mawimbi ya bahari yaliyotengenezwa kwa mitambo. Mbinu ya maabara hapo inaitumikia taswira ambayo yeyote anaitambua.

4.0 Mapokezi

Kampuni kadhaa ziliikataa kazi hii. Haikuwa na mwimbaji, na sehemu zake sita zilitambulishwa kwa namba tu. Francis Dreyfus ndiye aliyekubali kuitoa. Mwaka 1977 ilisambazwa kimataifa. Nchini Uingereza, wakati muziki wa panki ukivuma, albamu ilifika nafasi ya 2 na sehemu ya nne nafasi ya 4 katika chati ya nyimbo. Baadhi ya wahakiki waliiona nyepesi mno.

Yawezekana kudai kwamba mafanikio hayo yalikuwa zao la usambazaji. Usambazaji hueleza jinsi kazi ilivyowafikia watu, lakini hauelezi kwa nini waliendelea kuisikiliza. Mwaka 2007 Jarre aliirekodi upya kwa vyombo vilevile vya zamani, ingawa teknolojia bora zaidi ilikuwapo. Uamuzi huo unaonyesha kwamba thamani ya vyombo hivyo haikuwa katika upya wao, kwani upya ulikuwa umekwisha.

5.0 Hitimisho

Wepesi uliolaumiwa na wahakiki ndio uliozifanya sauti za maabara zikae katika kumbukumbu za watu wa kawaida. Mwanahistoria anayeupuuza wepesi huo kwa kuuita biashara hupoteza ushahidi wa upande wa msikilizaji, na bila msikilizaji historia ya muziki hubaki orodha ya mitambo.