Msako wa Mtu Asiyekuwepo

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Msemo huo tumeukariri tangu shuleni. Lakini wahenga hao hawakutuachia jina la mtu anayekataliwa na kwao. Juma hili nataka tulitafute jina hilo.

Kwanza kisa, ambacho alikisimulia Ngugi wa Thiong'o mwenyewe. Mapema mwaka 1987, wapelelezi wa serikali ya Rais Moi walipeleka taarifa kwamba wakulima wa Kenya ya kati wanamzungumzia bwana mmoja aitwaye Matigari. Bwana huyu, ilisemekana, anazunguka nchini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Enzi zile swali hilo lilikuwa kosa tosha. Amri ikatoka: akamatwe! Polisi wakaingia kazini, wakagundua kwamba Matigari hawezi kutiwa pingu. Alikuwa mhusika katika riwaya ya Ngugi iliyoandikwa kwa Kigikuyu na kutoka mwaka 1986. Basi mwezi wa Februari wakavamia maduka ya vitabu, wakazoa nakala zote. Mtu amewashinda, wakakamata karatasi!

Je, mwandishi mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa uhamishoni. Mwaka 1977 yeye na Ngugi wa Mirii waliandika tamthilia iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru. Ikapigwa marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Gerezani Kamiti aliandika, juu ya karatasi za chooni, riwaya ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Mwaka 1982 alikwenda London kuizindua tafsiri yake ya Kiingereza, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Safari fupi ikawa miaka 22.

Tazama kinyume hicho, msikilizaji. Mzaliwa wa Limuru yuko ugenini, na mtu wa kubuniwa anatembea vijijini kama mwenyeji. Na riwaya yenyewe inasimulia jambo lilo hilo. Matigari anatoka msituni baada ya vita vya ukombozi, amezika silaha, amejifunga mkanda wa amani. Anarudi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, anakuta imekaliwa na watoto wa wale aliopigana nao. Mwenye nyumba anageuzwa mgeni mlangoni pake.

Mimi mtu wa redio kitabu hicho kinanigusa penye kidonda. Ndani yake mna idhaa iitwayo Sauti ya Ukweli, isiyotangaza ila wanayoyataka wakubwa, na wasomi waliohitimu elimu ya ukasuku. Nilikisoma nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, nikacheka sana. Sikujua najicheka. Miaka michache baadaye nilisoma hewani taarifa ya msako wa "wageni wasio na vibali". Niliisoma kwa sauti nzuri, bila kikohozi. Jioni nilipofika mtaani, kibanda cha fundi viatu wetu kilikuwa kimefungwa. Mzee yule alinishonea viatu tangu nikiwa darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kumwita mgeni. Mimi ndiye niliyemwita hivyo, nchi nzima ikisikia.

Ngugi alirudi Kenya mwaka 2004, akapokewa kwa shangwe. Hata majuma mawili hayajatimia, yeye na mkewe walivamiwa usiku Nairobi na kuumizwa vibaya. Alirejea Marekani, na huko ndiko alikofia Mei 2025. Lakini wakati wote huo aliendelea kuandika kwa Kigikuyu. Mipaka, pasipoti na magereza ni vya serikali. Lugha ya mama haikuwa mikononi mwao.

Sasa lile jina tulilokuwa tukilitafuta. Matigari maana yake ni mabaki: waliosalia baada ya risasi. Nadhani linamfaa kila aliyekataliwa na kwao. Amebaki, naye anauliza. Siku hizi, kabla sijasoma neno "wageni" kwenye kipaza sauti, namkumbuka fundi viatu, nami nauliza: mgeni wa nani?

Hadi juma lijalo, kwaherini.