Kuujua Uyahudi: Kipimo kiko jirani na Nakuru

Msomaji wa Nakuru atafutaye habari za Uyahudi kwenye intaneti ana kipimo cha karibu. Mwaka 1903 Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi makao katika nyanda za Uasin Gishu; Kongamano la Kizayuni likakataa mwaka 1905. Mpango huo huitwa wa Uganda, ilhali eneo hilo lilikwisha kutengwa na Uganda mwaka 1902, na leo ni Kenya. Tovuti iliyopotea hata kwenye ramani haifai kuaminiwa katika mengine. Yapo pia maelezo ya wahubiri wa dini nyingine. Hayo hueleza wauonavyo Uyahudi wao, si Wayahudi wenyewe wauishivyo. Atakaye maandiko yenyewe, Torati na Talmudi, atayapata bila malipo katika Sefaria, kwa Kiebrania na Kiingereza.