Ski-Doo MX Z REV na Yamaha RX-1

Ski-Doo MX Z REV na Yamaha RX-1 ni pikipiki mbili za theluji za toleo la mwaka 2003 zilizowania wateja wale wale wa Kanada na kaskazini mwa Marekani. Ya kwanza iliundwa na Bombardier wa Valcourt, Quebec, waliokuwa wakiuza Ski-Doo tangu 1959. Ya pili ni ya Yamaha ya Japani, iliyoingia katika biashara hii mwaka 1968. Kila moja ilileta wazo jipya la jinsi chombo hiki kinavyopaswa kukaa njiani, na mawazo hayo hayakufanana hata kidogo.

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili zinazogeuzwa kwa usukani, na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno unaosukuma chombo mbele. Chini ya kila skii kuna ufito wa chuma kigumu unaouma barafu. Ufito huo ukikosa uzito wa kutosha juu yake, skii huteleza na chombo hunyoosha moja kwa moja hata kama usukani umekatwa. Ndiyo maana mwendo wa pikipiki hizi huamuliwa kwanza na mahali uzito ulipokaa, nguvu ya injini ikifuata baadaye. Na dereva mwenyewe ni sehemu kubwa ya uzito huo.

Kabla ya REV, dereva alikaa nyuma, miguu ameinyoosha mbele. Njia za theluji zikipitiwa na wengi hufanya matuta yanayofuatana, kama barabara ya changarawe iliyokosa greda msimu mzima, na aliyekaa nyuma alipokea kila teke mgongoni. Waundaji wa REV walimsogeza mbele na kumwinua. Magoti yakakunjwa, nyayo zikaja chini ya kiwiliwili, na kusimama kukawa jambo la kunyanyua makalio tu. Faida yake inaeleweka: chombo kinapoinama na kuinuka juu ya matuta, ncha zake ndizo zinazosafiri sana, ilhali katikati husogea kidogo. Mkanada Blair Morgan alikuwa tayari ameutumia mtindo huo katika mbio za kuruka matuta kabla haujafika madukani.

Kasoro ilikuwa kimo. Katika kona kali skii ya ndani ya REV ilikuwa nyepesi kunyanyuka, na dereva asiyeegemeza mwili upande wa ndani alihisi chombo kinataka kupinduka. Anayehama kitini kila kona aliipenda. Aliyezoea kutulia alichukua muda kuizoea.

RX-1 ilianzia kwenye injini. Yamaha walichukua muundo wa pikipiki yao ya barabarani, R1: silinda nne, mipigo minne, ujazo wa sentimita za ujazo 998, wakati pikipiki nyingi za theluji za kasi zilitumia injini za mipigo miwili. Injini hiyo ilizunguka kasi kuliko mfumo wa beliti unaopeleka nguvu kwenye mkanda ulivyohitaji, hivyo gia za kupunguza mizunguko ziliwekwa katikati. Ilinguruma kwa utulivu na haikuchoma oili pamoja na mafuta. Bei yake ilikuwa uzito, na mwingi wake uliegemea puani.

Kwenye ziwa lililoganda uzito huo ulikuwa neema, kwani RX-1 ilishika mstari bila kuyumba. Kwenye kona ilidai ustadi. Dereva alipoachia mafuta, injini ilijizuia yenyewe, uzito ukakimbilia mbele na skii zikauma. Alipoingia huku bado amekaza mafuta, pua ilisukumwa nje ya kona. REV ilipoachiwa mafuta iliendelea kuserereka, na breki ndiyo iliyofanya kazi. Usukani wa RX-1 ulichosha mikono, na katika theluji nene pua ilizama.

Kwa njia za msituni zenye matuta na kona za karibu, REV ilikuwa bora, na pengo halikuwa dogo. Kwa safari ndefu za njia pana, RX-1 ilimfaa zaidi mtu anayetaka injini tulivu.

Washindani hao baadaye waliazimana. Ski-Doo walitoa injini ya mipigo minne. Yamaha nao waliileta Apex mwaka 2006 kuchukua nafasi ya RX-1, na mwaka 2011 wakaipa usukani unaosaidiwa na umeme, dawa ya moja kwa moja ya ule uzito wa mbele. Mkao wa dereva wa REV uliigwa na karibu watengenezaji wote. Mwaka 2023 Yamaha walitangaza kwamba toleo la 2025 ndilo lingekuwa la mwisho kwao katika pikipiki za theluji. Ski-Doo bado zinaundwa Valcourt.