Utengule: Dola Iliyozama Bondeni

Sisi vijana tunaojaribu kuandika riwaya tuna tatizo moja. Tukitaka kutunga habari za ufalme unaokufa, mbio tunaenda kwenye makasri ya mawe na majoka. Hivi mfalme bila kasri si mfalme? Huku kwetu, pembe ya kusini-magharibi ya bonde la Kilombero, kulikuwa na dola ya kweli, na kufa kwake kulikuwa kwa polepole mno.

Hebu tuanze na ramani, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mito Ruhuji, Mnyera na Mpanga inateremka kutoka nyanda za juu, inakutana bondeni na kuzaa Kilombero, ambao wengine huuita Ulanga. Mbele huko unakutana na Luwegu, ndipo inapozaliwa Rufiji. Masika bonde linakuwa kama ziwa. Kiangazi linabaki tope jeusi linaloota chochote. Wenye bonde tangu zamani ni Wandamba, watu wa mitumbwi, samaki na mpunga. Masagati, Utengule na Taweta ziko huku mwisho, milima ikikuinamia.

Miaka ya 1870 Wahehe wa Munyigumba waliwapiga Wabena huko juu, tena vibaya. Ukoo wa watawala, Wamanga, ukajichimbia bondeni, na makao yakawa Utengule. (Si ile Utengule ya Merere kule Usangu, watu wanachanganya sana.) Mtawala aliitwa Mtema, na chini yake walikuwepo wenzagila walioshika sehemu za nchi. Yaani dola yenyewe ilisimama juu ya kushindwa. Na Wandamba wakajikuta raia wa mtu mwingine katika nchi yao. Wanaosifu enzi za watema hapo huwa wanapita upesi upesi.

Akaja Kiwanga. Huyu bwana alijua hesabu. Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, na Kiwanga akaona kwamba adui yake wa karibu ni Mhehe, siyo Mzungu. Akaungana na Wajerumani. Mwaka 1894 Kalenga ikaanguka. Mwaka 1905 Wambunga na Wapogoro walipoivamia boma ya Mahenge katika vita vya Maji Maji, Kiwanga alikuwa tena upande wa Mjerumani. Shuleni mtu wa namna hiyo huitwa kibaraka, basi, mjadala umekwisha. Mimi naona hadithi yake ni nzito kuliko hapo. Kila siku alipiga hesabu sahihi ya siku ile, lakini jumla ya mwisho ikawa ya mwingine.

Maana Mwingereza alipokuja, akatunga sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, mtema akawa mtu wa serikali. Ana kiti na baraza, lakini juu yake yupo bwana shauri. Mtema wa wakati huo, Towegale Kiwanga, alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa: alichangia sura ya historia ya watu wake katika kitabu cha akina Culwick, kilichotolewa London mwaka 1935. Fikiria, msomaji, mtawala anaandika habari za dola yake huku inamponyoka mikononi! Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, na wajukuu wengi wa raia wake hawajakiona hata jalada.

Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwa sheria. Halafu kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA. Ikapita Ifakara na Mlimba, ikapanda Makambako kwa mahandaki. Gari moshi halifiki Utengule. Biashara ikahamia Mlimba, na makao ya mtema yakawa kijiji cha kutoka, siyo cha kwendea.

Riwaya yangu nimeshaianza. Haimwanzi Kiwanga. Inaanza na Mndamba mmoja, anavuta mtumbwi wake ufukweni, anaambiwa kwamba kuanzia leo ana mtema.