Ordinateri ndogo ya kupozwa kwa maji: nini ya kuangalia kabla ya kutosha feza

Cimpunda, kwenye mteremko wa komini ya Kadutu mjini Bukavu, nyumba zimebanana na chumba cha kazi mara nyingi ndicho chumba cha kulala. Kwa mwenye kufanya montaji ya video za arusi ao kuchapisha barua za watu, ordinateri yenye kukaa pembeni ya meza bila kusumbua ni msaada mkubwa. Lakini sanduku likiwa dogo, joto linakosa njia ya kutokea. Ndiyo maana mashine ndogo zenye nguvu zinauzwa mara nyingi na kifaa cha kupoza kwa maji, na bei inapanda.

Kifaa hicho kinatumika hivi. Juu ya prosesa kunakaa kipande cha shaba, na kwa kawaida pompi ndogo iko papo hapo. Pompi inasukuma maji yaliyochanganywa na glikoli kupitia mipira miwili hadi kwenye radiateri, kisha feni zinapuliza joto nje. Ni kama ile ya gari, ila hii imefungwa kiwandani, na nyingi hazina mahali pa kuongezea maji. Tena kuna jambo watu wanasahau: maji yanahamisha joto tu, hewa ndiyo inayolitoa. Sanduku likibanwa ukutani, ao kufunikwa na kitambaa, maji hayasaidii kitu.

Swali la kwanza basi ni prosesa yenyewe. Ile ya wati 65, ambayo inatosha kwa barua, picha na hata montaji ya kawaida, haihitaji maji. Feni fupi kama Noctua NH-L9i, yenye urefu wa milimita 37 tu, inaiweza. Za wati 125, na zingine zinazopita 200 wakati wa kazi nzito, hizo ndizo zinaanza kudai maji. Muuzaji akisema maji ni lazima bila kuuliza wati, huyo anauza urembo.

Ukiamua maji, leta metere kabla ya kulipa. Radiateri ya 120 ina feni moja. Ya 240 ina mbili, urefu wake ni kama sentimita 27 na nusu, na unene pamoja na feni ni sentimita 5 hivi. Ile ya 120 mara nyingi haishindi feni nzuri ya kawaida, na bado bei yake iko juu. Afazali kuiacha, isipokuwa nafasi juu ya prosesa ni ndogo kabisa.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Baridi ya mji inarudisha sehemu ya hasara hiyo. Vumbi la mwezi wa sita hadi wa nane lenyewe halirudishi kitu: radiateri inaziba, na inafaa kufagiliwa kwa brashi laini kila mwezi, ordinateri ikiwa imezimwa.

Namna ya kuifunga nayo ina maana. Ndani hubaki hewa kidogo, na miaka ikipita maji yanapungua polepole kupitia mipira. Hewa hupanda juu. Ikiwa pompi ndiyo iko juu kuliko vyote, hewa inaingia humo, pompi inaanza kukoroma, mwisho inakufa. Radiateri ikae upande wa juu wa sanduku, ao ubavuni, kichwa chake kikipita pompi.

Na hapa ndipo hesabu ya kweli iko. Feni ikikufa, fundi wa mtaa anaweza kuweka ingine. Pompi ikikufa, kwa kawaida haitengenezwi; chote kinatupwa, kingine kinaagizwa mbali, na wateja wa arusi hawangoji. Garanti ya miaka 3 ao 6 imeandikwa kwenye kartoni, lakini muulize muuzaji ni nani ataipeleka kiwandani. Kama feza ni kidogo, stabilizateri ao onduleri ije kwanza, juu umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unaua zaidi ya joto.

Kwa vya okazio, washa mashine dakika kumi na uipe kazi nzito. Prosesa ikipita digri 90 na radiateri bado ni baridi mkononi, pompi haisukumi.

Uliza pia jina la sanduku. Mwezi wa pili 2021, Marekani ilitangaza kurudishwa kwa masanduku madogo NZXT H1, karibu 32,000 yaliyouzwa huko, yenye kupozwa kwa maji tangu kiwandani. Kosa halikuwa la maji: vise za kushikilia kadi moja ndani ziliweza kugusanisha umeme na kuwasha moto. Ukikuta H1 ya mwaka 2020 sokoni, muuzaji aonyeshe kwamba kadi hiyo ilibadilishwa, hasa kama itawaka ndani ya nyumba ya mbao.