Kutoka Betri ya Gari Hadi Lithiamu: Vingunguti Ilivyolipia Burudani Yake

Kama ulikulia uswahilini Dar, hii picha unaijua. Juu ya bati kuna betri nne za redio zimeanikwa juani kama dagaa. Zimeisha kitambo, ila mwenye redio hajakubali. Jua likizipasha, zitasukuma taarabu au mpira dakika chache, halafu kimya.

Hapo ndipo mitaa kama Vingunguti ilipoanza mapenzi na betri. Leo ukiuliza "ninunue ya lithiamu au ya maji?", unauliza swali ambalo wazee wako walilijibu kwa mfuko wao. Na jibu lao halikuwa rahisi hivyo.

1994: TV moja, mtaa mzima

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, kwa hiyo mwenye TV ndogo nyeusi na nyeupe aliifunga kwenye betri ya gari, volti 12. Sebule ikawa ukumbi, watoto wakakaa chini, waliochelewa wakachungulia dirishani.

Betri ikilala, inabebwa kwa baiskeli kwenda kwa fundi wa kuchaji. Fundi huyo ulimjua kwa nguo zake, zilivyotobolewa na tindikali. Alipima, akaongeza maji ya betri, akasema njoo kesho. Miezi kadhaa baadaye anatoa hukumu: "Hii imekufa."

Kwa nini zilikufa haraka? Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ile ya gari imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe upya na injini yenyewe. Bamba zake ni nyembamba. Ukiikamua usiku kucha hadi tamthilia iishe, unaimaliza. Wenye pesa walinunua betri maalumu za sola zenye bamba nene. Wengine walinunua kilichokuwepo gereji.

Mgao ukaleta wateja wapya

Mwaka 2006 ukame ulishusha maji Mtera, na mgao wa umeme ukaingia mpaka kwa waliokuwa na mita. Ukarudi 2011. Saluni, vibanda umiza na maduka ya kuchoma nyimbo yakajifunza neno jipya: inveta. Mwenye hela akachukua jenereta, asiyetaka kelele akapanga betri chini ya kaunta.

Betri zikawa nyingi, na betri nyingi zikaleta mizoga mingi. Hapa ndipo stori inapokuwa nzito.

Ile betri iliyokufa ilienda wapi?

Ndani ya betri ya maji kuna risasi, madini yaleyale ya chubwi za wavuvi. Ina soko, ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu hapiti bila kuuliza betri mbovu. Kiwanda chenye vifaa kinaweza kuirudisha karibu yote. Ikivunjwa uani kwa nyundo na kuyeyushwa kwenye sufuria, vumbi lake linakaa kwenye udongo watoto wanapochezea, na kwa mtoto linaharibu ubongo bila kelele.

Mombasa waliliona hili kwa macho. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mama mmoja aliyeajiriwa pale aliuguliwa na mwanawe mchanga, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Safari ya rufaa ikafuata. Watoto hawakurudishiwa walichopoteza.

Mzee wa miaka 97 na betri nyepesi

Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni 1991 kupitia Sony, na kwetu ilifika ndani ya simu. Ile inayofungwa leo kwenye sola nyingi na baadhi ya magari ni aina yenye chuma na fosfeti, iliyotoka kwenye maabara moja ya Texas miaka ya 1990. Mzee aliyeongoza maabara hiyo alipata Nobel ya 2019 akiwa na miaka 97. Aina hiyo haina kobalti, ile inayochimbwa kwa jasho Kolwezi.

Sasa chukua gari la matangazo linalopita mitaani na spika juu. Tuseme mashine ya muziki inakula wati 200. Betri ya risasi ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na ukitaka idumu unatumia nusu tu: saa tatu. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina kama kilo 12, unatumia asilimia 80: karibu saa tano. Ya risasi huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Nyenzake huvuka 2,000. Joto la Dar nalo linaimaliza ya risasi mapema zaidi. Lithiamu haipendi kuchajiwa kwenye barafu, na barafu Vingunguti ipo kwenye friji la vinywaji tu.

Ila bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu, na anayepata hela kwa siku hanunui miaka kumi mbele. Halafu kuna mitego. Chaja ya zamani yenye hatua ya "kuamsha" betri hupandisha volti kupita kiasi kwa lithiamu. Na pakiti zilizoungwa kwa seli za laptop zilizotupwa zinaweza kukuunguzia chumba.

Kwa hiyo, kuwasha injini, ya risasi bado inatosha. Kwa muziki, sola na saluni ya kila siku, lithiamu mpya na chaja yake ni nafuu ukihesabu miaka. Na kama leo mfuko unaruhusu ya maji tu, inunue bila aibu, usiikamue hadi mwisho, na ikifa usimpe anayeivunjia uani.

Bei ya betri haikuishia dukani. Wazee waliilipa kila wiki kwa fundi, na kuna watoto walioilipa kwa damu.

Nyumbani kwenu inatumika ipi, na ile ya mwisho iliyokufa ilienda wapi?